Nikifungwa moja nafungwa tatu: jibu kwa kipa wa lakrosi

Swali: Shikamoo kocha. Nacheza lakrosi ya uwanjani, mchezo wa kurusha mpira kwa fimbo zenye wavu, na huu ni mwaka wangu wa pili golini. Mkono wangu wa juu kwenye fimbo ni wa kulia. Mazoezini naokoa vizuri, lakini kwenye mechi mipira ya chini upande wa kushoto inanipita karibu yote, hasa inayodunda. La pili ni la kichwa: nikifungwa goli moja, mawili yanayofuata yanaingia kama vile lango halina mtu. Nianze kurekebisha nini, mikono, miguu au akili?

Jibu: Marahaba. Anza na macho. Umeyaandika kama matatizo mawili, lakini kwa jinsi ulivyoyaeleza mzizi wake ni mmoja: kabla tu mpira haujakufikia, macho yako yanauacha. Kwenye mpira wa chini yanauacha kwa sababu kichwa kinarudi nyuma au kope zinafumba. Baada ya kufungwa yanauacha kwa sababu unakisia, unatazama pale unapodhani mpira utakwenda badala ya pale ulipo. Mikono na miguu nitaifikia, na ina kazi kubwa, ila ukiirekebisha huku macho bado yanakimbia utakuwa kipa mwenye mtindo mzuri anayefungwa vilevile.

Tazama hesabu. Mpira uliopigwa kwa kilomita 130 kwa saa unasafiri mita 36 kila sekunde. Mpigaji akiwa mita 10 kutoka golini, una kama robo ya sekunde. Mtu wa kawaida huhitaji takriban sekunde 0.2 kuona kitu na kuanza tu kuitikia. Kinachobaki kwa mwendo wenyewe hakifiki sekunde 0.1. Hapo hakuna muda wa kusogea vibaya kisha ukajirudi. Kipa anayeokoa sana ni yule aliyeuona mpira mapema, aliyekuwa amesimama mahali pake, na ambaye mwendo wake wa kwanza haukwenda bure. Mambo hayo matatu yote yanafundishika.

Macho yatazame nini

Usimtazame mpigaji usoni, mabegani wala kiunoni. Tazama mpira ukiwa ndani ya wavu wa fimbo yake, na usiuache hadi umeuona ukiingia kwenye wavu wako. Akiificha fimbo nyuma ya kichwa, weka macho pale ambapo kichwa cha fimbo, yaani sehemu yenye wavu, kitachomoza, kama unatazama dirisha dogo juu ya bega lake. Mpira utatokea hapo.

Pembe ya fimbo inakupa dalili. Anayepiga kutoka juu ya bega na kulenga chini, mpira wake unashuka kwa mteremko na mara nyingi utadunda kabla ya mstari wa goli. Anayepiga ubavuni, fimbo ikiwa usawa wa kiuno, mpira unaanza chini na unaweza kubaki chini au kupanda. Zitumie dalili hizi kujiandaa tu, usiondoke kwa sababu yake. Ondoka pale mpira unapoacha wavu. Ukiwa bado ndani ya fimbo yake, haujapigwa, hata kama amezungusha mikono yote miwili na kukanyaga chini kwa kishindo. Wapigaji wazuri wanaishi kwa makipa wanaohama mapema. Mpigaji akiwa karibu kabisa, mita 2 au 3, kichwa cha fimbo yako kiwe usawa mmoja na cha kwake: akiinua, inua, akishusha, shusha. Kwa umbali huo huwezi kusubiri kuona, ila unaweza kuwa tayari umeziba njia ya karibu zaidi.

Kufumba macho ni kinga ya mwili, si jambo la kuonea aibu, lakini inabidi uifundishe ikae kimya. Vaa vifaa vyote, simama golini bila fimbo, mikono nyuma ya mgongo. Mwenzako asimame mita 5 na akurushie mipira ya tenisi kifuani na kwenye helmeti, taratibu, mipira 20. Usidake, usikwepe. Kazi yako ni kuutazama kila mpira mpaka ukuguse. Siku ya kwanza utafumba kwa mingi. Ndani ya wiki mbili za kufanya hivi mara tatu kwa wiki, kope huanza kutulia. Kisha chukua fimbo na mipira ya rangi mbili, nyeupe na njano, mwenzako akirusha bila kukuonyesha rangi mapema. Taja rangi kwa sauti kabla mpira haujagusa fimbo. Ukiitaja baada ya kugusa, hesabu kuwa umefungwa hata kama umeudaka.

Tena, woga mwingine una haki yake, nao hautibiwi kwa maneno. Mpira wa lakrosi ni raba ngumu iliyojaa ndani, unakaribia gramu 150. Ukipiga kifua katika kipande kifupi mno cha mdundo wa moyo unaweza kuuvuruga moyo wa kijana mwenye afya tele hadi usimame. Kwa hiyo kinga ya kifua iwe yenye alama ya NOCSAE ND200, kiwango cha shirika la Marekani la viwango vya vifaa vya michezo, ambacho kiliwekwa kwa ajili ya hatari hiyo hasa, na uulize kifaa cha kushtua moyo kimewekwa wapi uwanjani. Kinga ya koo isikosekane, wala kinga ya sehemu za siri kwa wavulana. Glovu ziwe za kipa, zenye dole gumba gumu, kwa sababu dole la mkono wa juu ndilo linalopigwa zaidi. Kama miguu inakuuma kwa vipigo vya mazoezini, vaa kinga za ugoko na suruali yenye sponji. Wapo watakaosema kipa wa kweli havai. Wewe vaa. Mguu unaoogopa kupigwa hauendi kwenye mpira, na hilo ndilo tatizo tunalolitibu hapa.

Kusimama

Hapa sitakaa sana kwa kuwa mwaka wa pili unayajua mengi, lakini angalia vipimo. Miguu ipanuke kidogo kuzidi mabega. Magoti yakunjwe kiasi cha kuweza kukaa hivyo dakika nzima bila mapaja kuwaka moto. Visigino viwe vyepesi, karatasi iweze kupita chini yake. Kifua kiinuke, kidevu kiwe mbele kidogo ya vidole vya miguu. Mkono wa juu uwe kati ya bega na jicho, kichwa cha fimbo kando ya sikio la kulia, uso wake wote ukimtazama mpigaji. Kati ya mkono na mkono uache sentimita 30 hadi 35.

Sasa mkono wa chini. Uwe usawa wa nyonga, lakini mbele ya mwili, sentimita 15 hadi 20 kutoka tumboni. Makipa wengi wanaufungia ubavuni kwa sababu pale unapumzika, na mpira wa chini kushoto hauokoleki mkono ukiwa pale. Sababu nitaieleza punde.

Shika mpini kwa vidole, si kwa kiganja chote, dole gumba likilala kando ya mpini kuelekea kichwani. Kwa kipimo cha 1 hadi 10, nguvu ya kushika iwe 3. Ukikaza, misuli ya mkono inayokunja na inayokunjua inavutana, na fimbo inachelewa kuondoka. Na hata ikifika, mpira unagonga wavu mgumu na kurudi uwanjani, ambako mshambuliaji anausubiri.

Mpira wa chini kushoto, hatua kwa hatua

Kwako wewe, mwenye mkono wa kulia juu, kushoto chini ndiyo safari ndefu kuliko zote. Kichwa cha fimbo kinatoka sikio la kulia hadi kifundo cha mguu wa kushoto, kikipita mbele ya mwili mzima. Kwa hiyo usishangae kwamba ndipo unapofungwa. Wapigaji nao wanajua.

Mpira ukiacha fimbo ya mpigaji, mkono wa kulia unaondoka kwanza. Unakwenda moja kwa moja, kama ngumi inayopigwa chini mbele ya kidole gumba cha mguu wa kushoto. Usichore nusu duara, usirudi nyuma kuchukua kasi. Mguu wa kushoto unaondoka karibu pamoja nao, hatua fupi ya sentimita 30 hadi 40, kwa pembe ya nyuzi 45: nusu mbele, nusu pembeni. Wakati huohuo mkono wa kushoto unapanda kuelekea bega la kushoto na kutoka mbele kidogo, kiwiko kikiwa mbali na mbavu, ili mpini usimame wima na kichwa cha fimbo kiwe chini. Mguu wa kulia unafuata, mwili unakaa nyuma ya fimbo. Kidevu kinashuka na mpira. Ukimaliza, ukiganda hivyo, mtu akitazama kutoka mbele aone fimbo wima, na nyuma yake ugoko, paja na kifua.

Yanayoharibika ni matatu, na la kwanza nalishuku zaidi kwako.

Mkono wa chini unang'ang'ania kiunoni. Kitako cha fimbo kinagonga tumbo, mpini unalala badala ya kusimama, na kichwa cha fimbo kinafika chini kikiwa kimeinama pembeni, kikiacha tundu kati yake na nyasi. Mpira wa lakrosi una kipenyo cha sentimita 6 na ushee tu. Tundu hilo linautosha. Jaribu sasa hivi na ufagio mbele ya kioo: fungia mkono wa chini ubavuni uone ufagio unavyogoma, kisha uachie upande hadi begani uone unavyozunguka wenyewe.

La pili ni hatua ya uongo. Kabla ya kwenda kushoto, unaruka kidogo juu, au mguu wa kulia unajikanyaga kwanza kama mtu anayejisukuma. Wewe huisikii, inaonekana kwenye video tu. Ule mruko mdogo unakula muda wote uliokuwa nao.

La tatu ni kuanguka magoti. Linaonekana la kishujaa, na linatoka kwenye hoki ya barafu ambako kipa ana kinga kubwa za miguu. Hesabu inalikataa: kitu kinachoanguka sentimita 40 kwa uzito wake wenyewe huchukua karibu sekunde 0.29. Mpira umeshapita. Juu ya hayo, ukiwa chini huwezi kwenda popote mpira ukirudi. Mkono unashuka haraka kuliko mwili. Upeleke mkono, mwili utaufuata.

Mpira wa kudunda una tabia yake. Kipa aliyekaa kwenye mstari anausubiri upande, nao unamchagulia pa kupita: chini ya fimbo, kati ya miguu, juu ya bega. Kipa anayekwenda kuupokea anauziba ungali mdogo. Mara unapoona utadunda, tazama mahali utakapogusa ardhi, peleka kichwa cha fimbo nyuma tu ya pale, kikiinama mbele kidogo kama kifuniko, na kifua kiwe juu yake. Ukikosa kwa fimbo, mpira ugonge kinga ya kifua na kuanguka miguuni pako. Makosa makubwa hapa ni kuinua kidevu, kwa sababu unaogopa mpira wa usoni. Helmeti iko kwa ajili hiyo. Kidevu kikipanda, macho yanaona anga, na hujui tena mpira uko wapi. Jua pia uwanja wenyewe: nyasi zilizoloa zinaufanya mpira uteleze na kubaki chini, uwanja mkavu na mgumu unaupandisha. Kabla ya mechi, dundisha mipira kumi mbele ya goli lako na mbele ya lile la pili, kwa kuwa mtabadilishana.

Kwa mazoezi fuata mpangilio huu, na usiruke hatua. Mara 10 bila mpira, polepole sana, ukigandisha mwishoni na kukagua mpini umesimama. Kisha weka fimbo kando: mwenzako arushe kwa mkono kutoka mita 5 au 6, wewe udake kwa mkono wa kulia tu ukipiga hatua ya kushoto, mara 10. Kisha chukua fimbo ya mchezaji asiye kipa, ambayo kichwa chake ni chembamba kuliko cha kipa chenye sentimita 25 hadi 30, uokoe mara 10. Mwisho fimbo yako, mara 20. Ukirudi kwenye kichwa kipana utahisi kama umepewa mlango. Jumla ni mipira 40 ya kushoto chini, na hiyo inatosha kwa siku. Makipa wanaopigiwa mashuti 200 mfululizo wanachoka mapaja, wanainuka wima, na kuanzia hapo wanajifunza kufungwa.

Mahali pa kusimama

Lango la lakrosi ni mita 1.83 kwa 1.83. Mpigaji akiwa mita 10 mbele na wewe ukasogea mita 1.2 kutoka mstarini, upana unaohitaji kuulinda unapungua hadi kama mita 1.61. Umejipatia sentimita 22 kwa gharama ya sekunde 0.03 hivi. Ni biashara nzuri kwa kipa wa kawaida. Kipa mwepesi sana wa mikono anaweza kukaa nyuma zaidi apate muda, mzito kidogo anaweza kutoka zaidi. Kuzidi mita 1.5 sikushauri mpaka umudu kurudi, kwa kuwa pasi moja ya kuvuka inakuacha nje ya lango lako.

Chora akilini upinde kutoka mlingoti mmoja hadi mwingine, wenye vituo vitano: mlingoti wa kushoto, kona ya kushoto, katikati, kona ya kulia, mlingoti wa kulia. Mpira ukihama, hama nao kwa hatua fupi za kuburuta, miguu isipishane. Uwe umeshatulia kabla mkono wa mpigaji haujaanza kuja mbele. Kipa anayepigiwa huku akitembea ana mguu mmoja hewani, na mguu ulio hewani hauwezi kusukuma. Bora utulie nusu hatua kabla ya kituo kuliko kufika kituoni umechelewa. Ukiwa mlingotini, gusa chuma kwa kiwiko au kitako cha fimbo ujue ulipo bila kugeuka; mpira wa karibu na mlingoti haufai kupita hata mmoja.

Mpira ukiwa nyuma ya lango, simama katikati, nusu hatua mbele ya mstari, fimbo juu ili kukata pasi. Pasi ikitoka, geuza kichwa kwanza umtafute mpokeaji, kisha mwili. Wengi wanaufuata mpira hewani njia nzima, wanafika kwa mpokeaji ameshapiga.

Sasa kichwa

Umeandika mawili yanayofuata yanaingia kama lango halina mtu. Nakuamini, na kwa kiasi fulani ni kweli: baada ya goli la kwanza mwili wako haukai mahali ulipokuwa. Kipa aliyefungwa hufanya mambo manne bila kujua. Anarudi mstarini kwa kuogopa. Anakaza fimbo. Anaondoka mapema kwa hamu ya kulipiza. Na ananyamaza. Kila moja kati ya haya ni kosa la ufundi linaloonekana kwa macho. Hii ni habari njema kwako, kwa sababu huhitaji kujiamuru kutokuwa na huzuni, kitu ambacho hakuna anayekiweza. Unahitaji kurudisha mambo manne mahali pake.

Jifunze utaratibu mfupi na uufanye baada ya kila goli, hata baada ya kila uokoaji, ili usiwe ishara ya kushindwa. Toa mpira wavuni. Geuka ulitazame lango lako, gusa mlingoti mmoja kwa kichwa cha fimbo. Toa pumzi ndefu, ndefu kuliko uliyoingiza, huku ukilegeza vidole hadi 3. Sema neno moja kwa sauti, liwe la kazi: "Mpira." Geuka, tafuta kituo chako kwenye upinde, inua visigino kidogo. Inachukua sekunde 10. Kuchambua goli hapo hapo hakufai. Nafasi iliyopo ni ya kuuliza swali moja tu, niliuona mpira ukitoka kwenye fimbo? Kama ndiyo, mpigaji amefunga, mheshimu, endelea. Kama hapana, unajua cha kufanya kwenye mpira ujao.

Ukicheza lakrosi ya wachezaji sita, ile itakayochezwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, hata hizo sekunde 10 huna. Ukifungwa, wewe mwenyewe ndiye unayeanzisha mpira kutoka golini. Fupisha: pumzi moja, neno, pasi.

Rekebisha pia hesabu unayojihukumu nayo. Lakrosi ya uwanjani ina magoli mengi. Kipa anayeokoa nusu ya mashuti yanayolenga lango amefanya kazi nzuri, na wanaofika asilimia 60 msimu mzima ni wachache. Maana yake ukifungwa 8 na kuokoa 10, timu yako imelindwa. Aliyetoka kwenye soka hulisikia hili vibaya, maana kule goli moja linaweza kuwa msiba. Hapa ni sehemu ya siku ya kazi.

Baada ya mechi, si wakati wa mechi, gawa magoli mafungu matatu kwenye daftari. Yaliyopigwa kutoka zaidi ya mita 10, wewe umeona vizuri, hakuna aliyekukinga: haya ni yako, na lengo ni yasizidi moja au mawili. Yaliyopigwa na mtu aliyebaki peke yake ndani ya mita 4: ni ya ulinzi mzima, usiyabebe. Katikati ni mabishano. Yaandike na kocha wako akiwepo. Kando ya kila goli andika mahali lilipopita na mguu upi uliotangulia. Baada ya mechi tatu ukurasa utakuambia ukweli kuliko kumbukumbu. Huenda ukagundua kushoto chini umefungwa mara 5 tu, na kulia juu mara 6.

Na uzungumze. Kipa ndiye pekee anayeuona uwanja wote akiwa ametulia. Taja mahali mpira ulipo kila unapohama: "Juu kati!", "Kulia!", "Nyuma!" Maneno mafupi, sauti ya tumboni, halafu jina la beki wa kwanza kwenda kusaidia mwenzake akipitwa. Mabeki wanafaidika, lakini wewe unafaidika zaidi: huwezi kutaja mpira ulipo bila kuutazama, na huwezi kupaza sauti huku umebana pumzi. Ile saa unayotaka kunyamaza ndiyo saa ya kutaja.

Kabla ya mechi

Sehemu ya jibu la kwa nini mazoezini unaokoa na kwenye mechi hapana inaweza kuwa hapa. Wengi wanapashwa moto na kundi la wachezaji wanaotaka kufunga, kila mmoja anapiga kwa nguvu kwenye kona, na kipa anaingia mechini akiwa ameshafungwa mara 30. Omba mpigaji mmoja, mwenye kulenga, na mwambie kazi yake ni kukuamsha. Asimame mita 10 hadi 12. Aanze kulia juu polepole, mipira 6, kisha kulia kiunoni, kulia chini, kushoto juu, kushoto kiunoni, kushoto chini, mwisho ya kudunda. Kasi ipande kidogo kidogo, na ile ya mwisho iwe ya mechi. Mipira 40 hadi 50, dakika 15 hadi 20, basi. Mpira wa mwisho uwe uliouokoa. Ondoka golini nao kwenye fimbo.

Ukiuokoa mechini, kazi haijaisha. Kanuni za wanaume zinakupa sekunde 4 ndani ya duara linalozunguka lango ukiwa na mpira, za wanawake sekunde 10. Sekunde ya kwanza tazama winga wa upande ule shuti lilikotoka, kwa sababu mpigaji aliyefuata mpira wake mara nyingi ameacha pengo nyuma yake. Hakuna mtu? Tembea na mpira nyuma ya lango, utafute upande wa pili. Pasi ya pupa ya katikati ndiyo inayorudi wavuni.

Kwa wiki nne zijazo ningefanya hivi: siku tatu kwa wiki, dakika 5 za mipira ya tenisi au rangi, mipira 40 ya kushoto chini kwa mpangilio ule, na pasi 100 ukutani kwa fimbo ya kipa. Nyumbani, kurusha mipira mitatu kwa mikono miwili dakika 5 kila siku kunanoa macho. Leo kabla hujaanza, weka simu kando ya lango, usawa wa kiuno, mwendo wa polepole, urekodi mashuti 10 ya kushoto chini. Angalia vitu vitatu tu: mguu uliotangulia, mkono wa chini umefika wapi, na kidevu kimeelekea juu au chini. Rekodi tena wiki ya nne, simu ikiwa palepale. Kama mpini bado unalala, punguza kasi ya mashuti kwa nusu na urudie wiki mbili. Kama umesimama lakini bado unafungwa, nitumie idadi za daftari lako, maana hapo tatizo litakuwa mahali unaposimama kwenye upinde.